Nyongeza Juu ya Boksi

Ijumaa, 2 Aprili 1993

Lori limeondoka saa saba mchana. Maboksi 212! Tangu nije huku Mgeta hatujawahi kuvuka mia mbili. Salehe, dereva wetu, kafunga turubai, kapiga honi tatu utafikiri kabeba bibi harusi, kateremka. Jioni yuko Dar. Kesho alfajiri maharage machanga ya Uluguru yanapanda ndege. Keshokutwa kuna Mzungu atayatafuna na siagi na wala hatajua yametoka kwenye mlima gani.

Mimi ndege sijapanda. Lakini miezi miwili sasa nafunga maboksi ya ndege, kwa hiyo naona kama tunafahamiana.

Bwana Abasi, bosi wangu, anasema uwanja wa Dar unakua haujulikani tena. Mashirika mapya ya ndege, upande wa mizigo unapanuliwa, na barabara kutoka Morogoro sasa ni lami tupu, lori linateleza. Yeye anajenga chumba chake cha baridi karibu na uwanja. Anataka msimamizi. Kaniambia: Semeni, msimu ukiisha bila mzigo wako kurudishwa, funguo za chumba ni zako. Wiki nne zimebaki! Miaka kumi na moja nimeshona turubai kiwandani, halafu Jumatano moja tukaambiwa tumepunguzwa, kama kucha. Hii kazi naitaka. Naitaka mpaka naona aibu. Binti yangu Shakila yuko Kihonda kwa mama, nimemwahidi tutahamia Dar na kila Jumapili tutakwenda kuzipungia ndege mkono.

Selotepu imekwisha tangu jana. Nakunja tu vifuniko, kimoja ndani ya mwenzake. Vinakaa vizuri. Bwana Abasi sijamwambia, atasema natumia ovyo.

Jumapili, 4 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nimesimama kanisani, mimi na ushungi wangu! Padre alinipa dakika tano baada ya misa nitangaze habari za maharage. Watu wameshika matawi yao, wananitazama mimi. Nikachangamka. Nikasema lori litakuja kila Jumanne na kila Ijumaa mpaka mwisho wa msimu. Nikaongeza – ulimi huu! – lisipokuja, nishikeni mimi.

Kanisa lote likacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Mzee Stefano, mwenyekiti wa kijiji. Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo watani. Tangu siku ya kwanza ananiita mzigo uliosahauliwa na msafara. Nami namwambia babu zangu walipita huko chini na pembe za ndovu mabegani, babu zake wakawa wanachungulia kwenye migomba.

Lakini wameng'oa kabichi kwa ajili ya maneno yangu. Hilo nalijua. Yuliana, ninayekaa kwake, katia matuta yote ya shamba maharage. Shamba ni la ukoo wa mama yake, na mwenye kauli ni mjomba wake, huyo huyo Mzee Stefano. Alikubali kwa sababu mimi nilisema ndege haikosi.

Jumanne, 6 Aprili

Lori halikuja.

Tangu asubuhi tumepima, tumefunga, tumepanga maboksi 188 kwenye godauni la zamani la ushirika. Saa saba, kimya. Saa nane, kimya. Nikasema mvua, labda barabara imemomonyoka juu ya kijiji cha Mlali. Wanawake wamekaa juu ya magunia wanasuka ukili, hawaulizi. Afadhali wangeuliza.

Saa kumi nikaenda misheni kwenye redio ya upepo, ile ya kuongea na Dar. Sauti ya Bwana Abasi inakuja, inapotea. Nilichoshika ni hiki. Mzigo wa Ijumaa umekataliwa. Karatasi zinasema kilo mbili kila boksi. Mizani ya kule inasema mbili na robo, mengine mbili na nusu. Ndege imepangiwa uzito wake, haiwezi kungoja mtu afungue maboksi mia mbili apunguze. Ikaondoka. Maharage yakabaki sakafuni mpaka yakalegea.

Kaniuliza: saini ya nani kwenye karatasi? Yangu. Basi umenivua nguo mbele za watu, akasema. Nikauliza lori lini. Akasema subiri. Redio ikakata.

Nimepima mwenyewe. Kila boksi, kwa macho haya! Mshale ulikuwa kwenye mbili.

Jumatano, 7 Aprili

Kijiji kizima kinakula maharage ya ndege. Mbuzi pia.

Nimemkosea Yuliana. Nilimkuta jikoni nikamuuliza kavu kavu: nani anatia mawe kwenye maboksi yangu? Akaacha kusonga. "Mama Shakila," akasema, "mawe?" Basi. Mchana akaniwekea chakula kama kawaida, tena akaniwekea mimi kwanza. Sikujua niangalie wapi.

Kikao saa kumi, barazani kwa Mzee Stefano. Nikawaeleza mzigo umekataliwa kwa uzito, nachunguza. Hakuna aliyepandisha sauti. Mzee akakohoa, akasema:

"Mtani, Jumapili ulisema tukushike. Haya. Tumekushika."

Kicheko. Akateremka barazani, akainama, akavichukua viatu vyangu nilivyovua mlangoni. Vyeusi vya bizimu, nilivyonunua kwa malipo ya mwisho ya kiwandani. Akavitundika kwenye msumari ndani kwake.

Nikacheka. Ningefanya nini? Mtani akichukua kitu chako unakigomboa, hukasiriki. Ukikasirika wewe ndiye huna adabu. Nikamuuliza nitagomboa kwa nini, kwa kuku? Akasema: "Kwa lori."

Yuliana kaniazima kandambili. Ndogo.

Ijumaa, 9 Aprili

Ijumaa Kuu. Lori hakuna. Redioni Bwana Abasi hapatikani.

Nimejaribu kuondoka. Niandike hapa maana hakuna pengine pa kusema. Nilijua watu wote watakuwa kwenye Njia ya Msalaba. Nikachukua begi, nikachukua kandambili zangu za kuazima, nikashika njia ya mkato ya Mlali. Nikashuka labda nusu saa. Matope. Nikaanza hata kufurahi.

Kwenye kona ya kijito nikakutana na wanawake saba kutoka kitongoji cha chini, wanapanda kwenda kanisani. Tukasalimiana. Salamu zenyewe za huku! Za nyumbani, za watoto, za maharage, za mvua, za Shakila – wote wanamjua Shakila jina. Nikasema natembea kidogo. Mmoja akaniangalia begi, akasema: "Mgeni wetu abebe begi, na sisi tupo?" Akanipokea. Akalitwika. Akaanza kupanda mlima.

Nguo zangu zote zimo humo, na daftari hili. Nikalifuata begi langu kama ng'ombe anayefuata chumvi, mpaka mlangoni pa kanisa.

Mzee Stefano akaniona. Akasema kwa sauti watu wasikie: "Ulikwenda kutuangalizia barabara? Asante, mtani!" Wakacheka, taratibu, maana ni Ijumaa Kuu. Nami nikacheka mpaka mashavu yakauma. Halafu nikaenda nyuma ya jiko la Yuliana nikalia.

Wangenifungia kwa kufuli ningepiga kelele. Hawajanifungia. Wananiletea ndizi, wananiletea maziwa. Kila ninakokwenda kuna mtu wa kunisindikiza. Kila kitu ruksa siku hizi: mitumba ruksa, dola ruksa, ndege za kila nchi ruksa. Mimi tu kushuka mlima.

Leo saa tisa ndege moja ilipita juu kabisa, ikaacha mstari mweupe. Sijui inakwenda wapi. Nilisimama na kandambili nikaiangalia mpaka ikaisha.

Jumatatu, 12 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Nimejua!

Nilikwenda kwa Bibi Regina, mama yake Yuliana, kumpa mkono wa sikukuu. Shikamoo, marahaba mwanangu, keti. Alikuwa anampimia jirani mbegu za maharage kwa kopo. Nikawa naangalia bila kuwaza. Anajaza kopo. Anasawazisha kwa kiganja. Anamimina. Halafu anachota kwa mkono, anatupia juu. Tena mara ya pili. Jirani hata haangalii, anajua lazima itakuja.

Nikamuuliza, bibi, na kwenye maboksi yangu?

Hata hakushtuka. "Tulikuwa tunaongeza ukienda kula, mwanangu. Wewe ulikuwa unapima kipimo kikavu, mshale ukigusa tu unafunga. Tukaona aibu. Mtu yuko mbali hivyo, kakutumia ndege, halafu umpe kikavu? Wasije wakasema Waluguru wachoyo."

Wote. Kila mwanamke, mkono mmoja, wengine miwili. Nikiwa kwa Yuliana nakula. Zamani walishindwa kwa sababu ya selotepu. Ilipokwisha wakaona Mungu kafungua mlango. Kumbe maboksi yote yale ya Ijumaa yalifunguliwa na kufungwa tena, vizuri, kifuniko ndani ya kifuniko, kama nilivyowafundisha.

"Mbona hamkuniambia?" nikasema.

"Tulidhani umesahau. Tukakufichia."

Walinifichia aibu yangu! Sikujua nicheke au nijitupe chini. Nikaanza kumweleza. Kwamba ndege inapangwa kwa uzito. Kwamba karatasi ilisema kilo mbili, mizani ikaona zaidi, wakatuona waongo. Akasikiliza kwa makini, mikono mapajani. Akafikiri sana.

"Kwa hiyo shida ni kwamba nyongeza haikuandikwa."

Nikasema ndiyo bibi, kama hivyo. Nilikuwa nimechoka.

Nimekwenda kumwomba Yuliana radhi kwa yale mawe. Akasema yalishakwisha. Hayajaisha, nimemwona usoni. Lakini kaniuliza kama lori litakuja kesho, nikasema inshallah.

Jumanne, 13 Aprili

Halikuja. Mvua kutwa. Maharage shambani yananenepa, mbegu zinatokeza kwenye maganda kama vifundo vya vidole. Siku mbili tatu hivi hayatafaa tena kwa ndege. Yuliana kashinda matutani anachuma na mvua.

Kandambili moja imekatika. Nimeifunga kwa waya.

Alhamisi, 15 Aprili

Bwana Abasi kapatikana saa tatu asubuhi. Mstari safi kabisa, kana kwamba yuko chumba cha pili.

Nilimweleza yote, selotepu, mikono ya wanawake, uchoyo. Akacheka. Alicheka muda mrefu, redio ikawa inakohoa. Akasema Semeni, hilo sitalisahau maisha. Halafu akaacha kucheka. Akasema Mgeta basi. Amepata shamba kubwa Arusha, karibu na uwanja wa kule, mwenye shamba mmoja, mizani moja, hakuna bibi wa mtu. Maharage yatapandia ndege huko huko. Dar chumba cha baridi atatia samaki. Kinafunguliwa Jumatatu.

Nilijua kinachofuata.

Hakikufuata. Akasema: "Nafasi yako ipo. Kosa lako selotepu, siyo wizi. Kazi unaijua. Lakini Jumatatu saa mbili asubuhi uwe mlangoni, la sivyo nina mtu mwingine."

Kesho Salehe anakuja kunichukua mimi, mizani, na maboksi matupu. Mzigo tusipakie hata boksi moja. Alirudia mara mbili: hakuna ndege ya huo mzigo.

Nikatoka nje ya misheni. Walikuwa wamekaa ukutani wananingoja, Mzee Stefano na Yuliana na wengine labda kumi. Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Nikawaona wamelowa, Yuliana ana tope mpaka magotini, na nyuma yao njia inashuka, na Jumatatu iko pale.

Nikasema: "Lori linakuja kesho."

Hapo hapo wakatawanyika kwenda kuchuma. Mmoja alipiga vigelegele. Mzee Stefano kanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakutania hata kidogo.

Sikusema uongo. Lori linakuja kesho.

Sijala mchana.

Ijumaa, 16 Aprili

Naandika hapa hapa, nimekaa kwenye ngazi ya lori.

Salehe kafika saa tano. Kaona godauni, kanivuta pembeni. Bosi kasema matupu, mbona yamejaa? Nikasema najua. Kasema basi waambie. Nikasema ukiwaambia hapa hata tairi halizunguki, na safari hii hawatachukua viatu. Kafikiri. Kasema basi tupakie, tutamwaga mbele ya safari, baada ya Mlali hakuna anayetujua. Kalisema kwa upole, kama ananisaidia. Na mimi nimeitikia kwa kichwa. Niandike hivyo hivyo: nimeitikia.

Maboksi 196. Wamechagua yale membamba tu, manene wameyaacha nyumbani. Wamechuma jana mpaka giza na leo tangu alfajiri. Nikakaa kwenye mizani kama kawaida. Mshale kwenye mbili, funga. Mbili, funga. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi peke yake.

Mzee Stefano kaja na viatu vyangu. Vimepakwa mafuta, bizimu imesuguliwa kwa majivu. Kaviweka miguuni pangu, kavua kofia.

"Umegombolewa, mtani. Nisamehe utani wangu. Niliogopa. Kabichi tuling'oa kweli."

Afadhali angenitukana. Nikasema asante mzee, hapakuwa na ubaya. Akasema nenda na mzigo wako, usiuache njiani. Yuliana kanipa kifurushi cha Shakila, kimefungwa kwa jani la mgomba. Sijakifungua. Ni maharage, nayasikia.

Nikadhani yamekwisha. Nikapanda. Ndipo akaja Bibi Regina, na wanawake wote nyuma yake, kila mmoja na ungo wake umejaa.

Kasema amewaeleza wenzake. Shida haikuwa nyongeza. Shida ilikuwa haikuandikwa. Sasa iandikwe. Kaniletea ile kalamu yangu nene ya kuandikia maboksi, kaifuta kwa kanga. Wanaweka mkono mmoja mmoja juu ya kila boksi, wazi, mbele yangu, bila kuficha, na mimi niandike pembeni kwamba hiki cha juu ni cha bure, kimetoka kwa watu wa Mgeta, wasipate taabu na mizani.

Salehe kaangalia pembeni.

Nimeteremka. Nimeandika. NYONGEZA. BURE. MGETA. Kwa herufi kubwa, kama ninavyoandika kila siku. Wanawake wanasimama kuangalia mwandiko, hata wasiojua kusoma. Mmoja kaniambia nirudie boksi lake, herufi zimepinda, Wazungu watatushangaa. Nimerudia.

Yamefika kumi na tisa. Nikasema mkono umechoka, nikaja kukaa hapa kwenye ngazi. Viatu vinabana, miguu imevimba kwa kandambili. Salehe keshawasha injini, anataka kuvuka Mlali kabla ya mvua. Ananiambia chini chini, Semeni, panda. Mlango uko wazi. Jumatatu saa mbili.

Mzee Stefano mwenyewe anateremsha maboksi na kuyapandisha, yuko juu ya lori anapanga upya, anauliza kama nafasi ya maboksi mia moja tisini na sita itatosha. Hakuna anayenitazama isipokuwa Bibi Regina. Anaona naandika kwenye daftari, siyo kwenye boksi. Ananiuliza vipi mwanangu, kalamu imekwisha?

Nimemwambia haijaisha, bibi.

Kanisogezea boksi la ishirini.